Chumba cha Saba

Saa mbili kasorobo nafungua milango miwili,
wa nje kwa ufunguo, wa ndani kwa bega,
maana mbao za mwerezi hufura ukungu ukishuka kutoka Molo,
nazo hazina habari kwamba mwenye nyumba alishakufa.

Kasri. Ndivyo lisemavyo bango la barabarani
ukishapita kituo cha maziwa na shamba la pareto.
Vyumba thelathini na saba, dohani kumi na moja,
na bwana mmoja aliyekula peke yake
kwenye meza ya watu ishirini na wanne.
Vigae vilisafiri kwa meli, kisha kwa garimoshi, kisha kwa migongo.
Migongo haimo kwenye risiti.

Siku hizi ni nyumba ya sanaa.
Palipokuwa na vichwa vya nyati pana ziwa la Agola wa Kisumu,
magugumaji aliyoyashona kwa nyavu kuukuu na vizibo vya soda.
Ndani ya beseni la kuogea la bwana
mchongaji wa Tabaka amelaza viboko watatu wa mawe ya sabuni,
na watoto wa shule hucheka hapo hata kabla hawajaambiwa.

Kazi yangu ni kuketi.
Kiti, sweta ya kijani, kitambulisho shingoni,
na maneno mawili ya kunipatia mshahara: Usiguse, tafadhali.
Kazi ya bibi yangu ilikuwa kugusa kila kitu.
Alizipaka nta sakafu hizi kwa magoti,
akazijua mbao kwa sauti zao, ipi hulia, ipi hunyamaza.
Siku ya ufunguzi tulimleta, mkongwe, ana fimbo na kitenge kipya.
Wakubwa wanamngoja ngazini na maua;
yeye akazunguka nyuma, taratibu, mpaka mlango wa jikoni.
Wanauza kadi pale sasa. Akasimama, akawaamkia kadi.

Chumba cha saba pana picha ya mwaka 1938.
Chini yake kibandiko, herufi safi:
*Bwana na mbwa wake, Kaisari, pamoja na watumishi.*
Mbwa ana jina.

Wa tatu kutoka kushoto, mwenye ngumi iliyofumbwa, ndiye Tapkigen.
Si hasira ile. Pasi ya makaa ilimla kiganja
usiku wa kupiga shuka za wageni ambao hawakuja.

Nilimwendea Bi Nasambu, mhifadhi wetu. Si mtu mbaya.
Akanitilia chai, akaniuliza kama nina ushahidi.
Tukafukua daftari la mishahara, tukapata:
*mwanamke wa sakafu, shilingi sita.*
Alilitazama neno hilo muda mrefu, kisha chai ikapoa,
na kibandiko kikabaki.

Basi Jumanne moja, watoto wa Elburgon wamejipanga,
viatu vina tope, pua zinavuja,
kadogo kamoja kakauliza, "Na huyu?"
Niliinuka kitini.
Nikaweka kidole kwenye kioo, mimi, mwenye Usiguse.
Huyu ni Tapkigen, bibi yangu mzaa mama.
Huyu Kimaiyo wa farasi, aliyeimba vibaya.
Huyu Makokha, mpishi, kwao Mumias,
aliyeficha mifupa yenye nyama kwenye ndoo ya majivu
ili wa sakafu wasilale njaa.
Mtoto akatoa daftari la hesabu, akaandika polepole,
akaniuliza Tapkigen ina *g* ngapi.

Kila asubuhi napangusa vioo vyote.
Kile cha chumba cha saba nakizunguka, naacha alama za kidole,
tatu, chini ya nyuso tatu.
Bi Nasambu ameziona. Ameniuliza tu iwapo kitambaa kimeisha.

Wa mwisho kulia, kijana mwenye kofia mkononi,
bado sijampata.
Nimeuliza Njoro, nimeuliza Mau Summit, nimeuliza kanisani.
Ukimjua, ingia. Mlango wa mbele.
Usukume kwa bega.